Hasifu

Siku ya kwanza Mchina alipomwita hivyo, Khalfan alidhani masikio yake ndiyo yamekosea. Walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa lifti katika hoteli mpya ya Al Sadd, mjini Doha, vumbi la saruji limewaganda mpaka kwenye nyusi, na msimamizi mpya, mzee mfupi aitwaye Luo, alikuwa akipita kuwatambua watu wake mmoja mmoja. Alipofika kwa Khalfan alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu, akasema, "Hasifu."

Khalfan akageuka nyuma kutazama anayeambiwa ni nani. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Hasifu," Luo akarudia, na safari hii akamwelekezea mkono mzima, si kidole. "Taal, Hasifu." Yaani, njoo. Mzee yule alikuwa ameshafanya kazi Ghuba miaka mingi, akaokota kile Kiarabu cha vibarua kisicho na sarufi wala aibu, na ndicho walichokuwa wakisemezana naye.

Sasa, Mwarabu akilisikia neno lile halimwambii kitu, Mhindi vilevile, Mnepali vilevile. Lakini Khalfan alizaliwa Wete, Pemba, na Kiswahili amekinyonya kwa mama. Hasifu ni mtu asiyesifu. Mtu asiyetoa neno jema kwa mwenziwe. Hapakuhitajika kamusi.

Na ubaya wa neno lenyewe ni kwamba lilimkaa sawasawa. Ukimpa Khalfan maji ya baridi atakwambia glasi ina ufa. Ukimpikia pilau atalalamikia bizari. Hotuba ya Ijumaa katika msikiti wa karibu na kambi yao, kule Industrial Area, ilikuwa ndefu mno kwake. Ya msikiti wa mtaa wa Najma ilikuwa fupi mno. Alikuwa fundi mzuri wa lifti, hilo halikuwa na ubishi, na lifti alizozifunga yeye zilipanda na kushuka bila kutikisa hata chai mkononi. Ila ulimi wake haukuwahi kumpa mtu asante iliyokamilika. Mwenyewe aliita tabia hiyo kusema ukweli.

Douglas, fundi umeme wa kikosi chao, Mkenya wa Kitale mwenye kicheko cha kusikika ghorofa mbili, alikuwa karibu na akalisikia neno. Akajishika mbavu.

"Umebatizwa, mzee! Hasifu! Ati hata Mchina, siku moja tu, ashakusoma. Na si uongo, wewe sema tu ukweli, si uongo!"

Khalfan hakucheka. Alikuwa tayari anajiuliza swali litakalomkosesha usingizi wiki zote zilizofuata: Mchina kafundishwa Kiswahili na nani?

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Katika kikosi cha lifti waliokuwa wakisema Kiswahili ni watatu. Yeye mwenyewe hakujitukana. Douglas hana siri. Akiwa na dhihaka anakurushia usoni mchana kweupe na kukulipia chai ya karak baadaye. Akabaki Iddi.

Iddi alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye mikono mirefu na tabia ya kutabasamu kabla hajajibu. Miaka kadhaa nyuma alikuwa mfagizi katika jengo moja la maduka, na kila Khalfan alipokwenda kutengeneza lifti pale alimkuta kijana huyu amesimama na ufagio wake, anatazama kazi mpaka foromani wake anamfokea. Khalfan ndiye aliyekwenda kumwombea kazi. Ndiye aliyemfundisha kupima reli kwa timazi, kusikiliza breki, kufunga kebo, kila kitu. Wakawa wanaishi chumba kimoja kambini, Iddi kitanda cha juu, Khalfan cha chini, na Iddi akimwita ami kama wanavyoitwa ndugu za baba. Khalfan alimwita Iddi, basi. Akifanya vizuri alinyamaza. Akikosea ndipo aliposema.

Na huyu ndiye Khalfan aliyemwona, kwa macho yake mawili, siku ileile ya kwanza, kabla Luo hajaanza kuita watu. Mchina alikuwa amemvuta Iddi pembeni, anamuuliza jambo kwa mikono. Iddi akamnyooshea kidole Khalfan, wazi kabisa, na Mchina akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akaja moja kwa moja na lile neno lake. Sasa mwenye akili zake aambiwe nini tena?

Lau ingekuwa dhihaka tu, pengine Khalfan angeimeza. Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi, na kambi nzima ililijua. Lifti za hoteli zikikamilika, Luo na vijana wake wawili, mainjinia waliokuja naye kutoka kiwandani, watarudi kwao China. Hoteli inataka mafundi wa kubaki kuzitunza lifti zile. Atakayebaki ni yule ambaye Luo mwenyewe atasema anafaa. Asiyetajwa, mkataba umekwisha, atakatiwa tiketi arudi kwao, kwa sababu kampuni haikuwa na kazi nyingine. Khalfan alikuwa ameshapita hamsini. Alijua akiondoka Doha hakuna kampuni itakayomrudisha. Na alijua jingine ambalo lilimwuma zaidi: kila anachokijua yeye, Iddi anakijua. Kijana, ana nguvu, hana malalamiko. Ukiwa Mchina, mtu wa nini tena huyu mzee asiyesifu?

Basi tangu hapo akawa anaona. Shaka ikishaingia kichwani haikosi chakula.

Aliona kwamba Iddi ameacha kulalamikia joto la basi la kampuni. Zamani walilalamika pamoja, njia nzima kutoka kambini hadi Al Sadd. Sasa Iddi anatazama dirishani na kutabasamu. Anatabasamu nini?

Aliona pia mambo ya sigara. Kila asubuhi Luo, kabla kazi haijaanza, alimfuata Khalfan nje ya geti, akatoa sigara moja kwenye pakiti, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mikono miwili kwa sigara moja! Khalfan havuti, na kuvuta eneo la kazi, hata pale getini, ni kosa la kufukuzwa. Akaona mtego wazi. Mchina anataka amshike na sigara mkononi, apige picha, yaishe. Alikataa kila siku kwa adabu kavu, na kila siku mzee yule aliirudisha sigara yake polepole, uso umempooza kidogo, halafu kesho yake anakuja tena.

Akaona na mambo ya Roselyne. Huyu alikuwa dada wa Kikenya, mrefu, mwenye miwani, aliyesomea Kichina chuo kikuu Nairobi na kampuni ikamwajiri kuwa ulimi wa Wachina ofisini. Mara moja kwa wiki alikuja hotelini na makaratasi yake. Siku moja Khalfan alipita nyuma ya kile chumba cha mabati walichokifanya ofisi, akasikia sauti ya Iddi ndani, na kicheko, na neno lile. Sifu. Alisimama.

"Na yeye anasemaje akiitwa hivyo?" Roselyne aliuliza.

"Ami? Hasemi kitu," Iddi akajibu. "Anajifanya hasikii. Lakini moyoni analisikia, mie namjua."

Wakacheka tena, kicheko cha chini, cha watu wanaoelewana. Khalfan akaondoka pale na viatu vyake vizito akijitahidi visilie kwenye kokoto. Kumbe wako watatu, alijiambia. Mchina, bibi wa ofisini, na huyu niliyemtoa kwenye ufagio.

Utasema, si angeuliza? Swali moja tu lingetosha, "Mbona mnaniita hivi?", na hadithi hii isingekuwapo. Lakini mtu anayeshuku haulizi. Kuuliza ni kumwonyesha adui kwamba umejua. Khalfan aliona yeye ni mjanja. Alichofanya ni kumtega Iddi jioni moja chumbani, wakati Iddi anakatakata vitunguu na yeye kajilaza kitandani.

"Huyu mzee wako wa Kichina," alisema, kama mtu asiyejali, "ananiitaje vile?"

Iddi akatabasamu kabla ya kujibu, kama kawaida yake. "Anakuita unavyostahiki, ami."

"Ninavyostahiki."

"Ndiyo. Mie nilifurahi kwa kweli. Nikasema, afadhali leo mtu kalisema wazi."

Khalfan akageukia ukutani. Chakula cha jioni ile hakukigusa, akasema tumbo linamsumbua. Iddi akamtengenezea chai ya tangawizi. Nayo hakuinywa. Katika hali aliyokuwa nayo hata tangawizi ilikuwa na lake jambo.

Kazi ikaendelea. Lifti moja ikapita majaribio, ya pili, ya tatu. Luo akawa anawapa Khalfan na Iddi kazi bila kuwasimamia, anakuja mwisho tu, anapitisha kiganja kwenye reli, anasema "tamam", yaani safi, na kuondoka. Kila siku, Hasifu hapa, Hasifu pale. Wale mainjinia wawili nao wakaliokota. Wakimpisha mlangoni, "Hasifu." Wakitaka kuazima spana yake, "Hasifu," na kuinamisha kichwa. Hata dhihaka hizi za Wachina, Khalfan aliwaza, zina heshima za uongo.

Halafu ikaja siku ya lifti ya mwisho.

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Kibanda cha lifti kimeshapanda na kushuka vizuri, milango inafungana bila kugongana, na Luo akawakusanya wote kwenye ukumbi wa chini. Alikuwa amevaa shati safi. Vijana wake wakasimama nyuma yake, mikono imekunjwa mbele. Douglas alikuwapo, amevua kofia ngumu anajifuta jasho. Iddi alikuwa amepiga goti pembeni, anakaza boliti la mwisho la kizingiti cha mlango.

Luo akamgeukia Khalfan. Akamwonyesha Iddi kwa mkono mzima.

"Hasifu," alisema, polepole, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake. "Iddi, sifu? Mafi sifu?"

Mafi, katika Kiarabu kile cha vibarua, ni hakuna, ni siyo. Khalfan alielewa kila neno. Anaulizwa mbele ya watu, Iddi anasifika au hasifiki? Umsifu au usimsifu? Na papo hapo akauona mchezo mzima ulivyopangwa. Wanataka amsifu Iddi kwa kinywa chake mwenyewe, Mchina apate ushahidi, nafasi yake ipokwe kwa ulimi wake, na baadaye waseme mzee mwenyewe ndiye aliyesema. Loo, watu hawa!

"Mafi," akasema.

Luo akakunja uso. Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama anayempa nafasi ya kufikiri. "Iddi. Mafi sifu?"

"Iddi mafi sifu," Khalfan akasema, neno moja moja, ili lisipotee hata moja. "Khalas." Yaani, yamekwisha.

Spana ya Iddi ikagonga sakafu. Khalfan akamtazama, akamkuta anamtazama, na tabasamu halipo. Uso umemwishia rangi. Akainuka, akajipangusa magoti, akatoka nje juani bila kofia yake.

Anajua nimemjua, Khalfan aliwaza. Na nisiwafiche, alifurahi. Ilikuwa furaha chungu, lakini ilikuwa furaha.

Kuanzia hapo Iddi hakusema naye ila la lazima. Alipika, akaweka sahani, akala peke yake kitandani juu. Khalfan aliusoma ukimya ule kama ushahidi. Mtu asiye na hatia angekuja kuuliza nimekukosea nini. Hakukumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa na wiki chungu nzima hajauliza.

Alhamisi Roselyne alikuja hotelini na uamuzi. Aliwaambia mmoja mmoja. Douglas anabaki. Khalfan anabaki. Iddi habaki, mwisho wa mwezi atasafiri.

Khalfan alisema alhamdulillahi. Akaona Roselyne haondoki. Amesimama pale kwenye mlango wa kushushia mizigo, makaratasi kayakumbatia kifuani, anamtazama kwa macho ya mtu anayejizuia.

"Mzee Khalfan, si ungeniambia tu, Iddi alikukosea nini?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Nilimuuliza. Alilia. Ati hajui. Mtu mzima na mke wake Sharifa anamngoja Tanga, amelia mbele yangu kama mtoto, na hajui kosa lake. Ndio nakuuliza wewe, kwa sababu mimi nilikuwa najua unampenda kama mtoto wako."

"Niliulizwa, nikajibu," Khalfan akasema. "Sikumsifu. Nani kasema ni lazima kumsifu mtu anayekuchongea? Nyinyi na Hasifu yenu mlidhani sijui Kiswahili?"

Roselyne akavua miwani. "Kiswahili? Kiswahili kimetoka wapi hapa?"

"Hasifu! Si Iddi aliyemfundisha Mchina aniite hivyo? Hasifu, mtu asiyesifu!"

Gari la dobi la kuleta shuka likapiga honi lipishwe, nao wakasogea ukutani. Kisha Roselyne akasema, taratibu, kama nesi anayetoa habari.

"Mzee. Ha ni wewe. Khalfan linawashinda, wamechukua Ha. Na sifu si Kiswahili. Ni Kichina. Vitabuni ni shifu, lakini Luo ni mtu wa kusini na sh haimtoki, anasema sifu. Ni jina la heshima. Mtu ambaye ameiva kwenye kazi ya mikono yake, ambaye unaweza kujifunza kwake, huwezi kumwita jina tupu, utakuwa huna adabu. Unamwita shifu. Ni kama vile sisi tunasema fundi, lakini fundi ya kutoa kofia. Unaona wale vijana wake wawili? Wana digrii zao, na hajawahi kuwaita hivyo hata siku moja. Siku ya kwanza alimuuliza Iddi, nani amekufundisha kazi? Iddi akakuonyesha wewe. Ndio maana."

Khalfan alisikia maneno yale yakiingia moja baada ya jingine, na kila moja lilipoingia lilibomoa kitu. Kidole. Kicheko cha ofisini. Anakuita unavyostahiki, ami. Sigara ya mikono miwili.

"Na siku ile?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Siku ile alikupa heshima kubwa. Kwao mwanafunzi hajitangazi kwamba amehitimu. Ni mwalimu wake atamke, sasa huyu ni fundi kamili, aachwe asimame peke yake. Luo alikuwa ameridhika na Iddi tangu zamani, alikuwa anangoja wewe tu useme. Alikuuliza, Iddi ni shifu au si shifu. Na Iddi anajua maana, mimi ndiye nilimwambia. Akakusikia unasema si fundi. Mara mbili."

Palikuwa na gurudumu la mbao la kebo pale, Khalfan akalikalia. Alijisikia aibu mpaka masikioni. Aliona haya kwa neno, aliona haya kwa Mchina, lakini zaidi ya yote ulimjia uso wa Iddi akiwa amepiga goti, na akaelewa kwamba ile rangi iliyomwishia haikuwa ya mwizi aliyekamatwa. Ilikuwa ya mtu aliyekanwa na mzee wake hadharani. Na yeye alifurahi.

"Twende kwa Luo," akasema.

Walimkuta ofisini anakunywa maji ya moto. Roselyne alitafsiri. Khalfan alilazimika kueleza yote, na kueleza ni kujivua nguo: kwamba kwa lugha yake neno lile ni tusi, kwamba alidhani amefundishwa na Iddi, kwamba sigara aliziona mtego. Luo alianza kwa kucheka, mabega yanatikisika. Kisha akaacha kucheka, akasema kitu kwa Roselyne.

"Anauliza, kwa hiyo muda wote huu yeye alipokuwa akikuheshimu, wewe ulisikia matusi?"

"Ndiyo."

Mzee alitikisa kichwa, akatazama kikombe chake. Akauliza tena, kwa kile Kiarabu chao, bila mkalimani. "Iddi, sifu?"

Na hapo Khalfan akagundua jinsi ilivyo kazi. Maneno yalikuwapo, aliyajua miaka yote, lakini kinywa hakikuyazoea. Alikohoa. Akasema kwa Kiswahili, Roselyne akimfuata nyuma, kwamba Iddi ni fundi kamili. Kwamba katika kunyoosha reli mkono wake umeshampita yeye aliyemfundisha, na alimpita zamani, naye aliliona na akanyamaza. Kwamba lifti za hoteli hii, kama zinapanda bila kutikisika, nusu yake ni ya Iddi, na pengine zaidi ya nusu. Alipomaliza alikuwa na jasho, na kiyoyozi kinanguruma juu ya kichwa chake.

Luo akainuka akampa mkono. Jioni ile ile uamuzi ukabadilishwa. Iddi anabaki.

Ijumaa, baada ya sala, Khalfan alimkuta chumbani. Begi lilikuwa wazi kitandani, na Iddi alikuwa akizitoa nguo kuzirudisha kwenye kabati. Habari ilikuwa imeshamfika. Khalfan alisimama mlangoni, akamweleza tena yote, kwa urefu, tangu kidole cha siku ya kwanza. Akasema, "Nisamehe, Iddi. Neno nililisikia vibaya."

Iddi aliendelea kukunja shati mpaka likakunjika.

"Neno nimekusamehe, ami. Kwa neno hata mie ningekosea. Umeitwa Hasifu na Mchina, ungejuaje." Akaliweka shati kabatini. "Lakini kwamba mie nimekwenda kukuuza. Mie. Nimelala juu ya kichwa chako miaka yote, nikakupikia, nikakuita ami. Hilo hukuambiwa na Mchina. Hilo ulikuwa nalo mwenyewe."

Hapo hapakuwa na kosa la lugha.

"Na ulipofurahi," Iddi akasema. "Nilikuona."

Kisha akatabasamu kidogo, akasema yameisha, akaenda jikoni kuchemsha wali. Wakala sahani moja. Khalfan akasema wali ni mzuri, na Iddi akasema ahsante.

Luo na vijana wake wakaondoka wiki iliyofuata. Kazi ya matunzo ikaanza, ile kazi ya kimya ambayo wageni wa hoteli hawaijui. Asubuhi moja lifti ya tatu ilikuwa na mlio chini, na kama ilivyo lazima kwa mlio wa chini, mtu mmoja ashuke shimoni, chini ya kibanda, na mwingine abaki juu kwenye swichi ya kuzuia kibanda kisishuke. Kifungo cha kuzuia kipo hata kule chini. Lakini fundi yeyote atakwambia kwamba ukiwa umelala shimoni na tani nzima ya chuma imening'inia juu ya kifua chako, kinachokulinda ni aliye juu. Miaka yote anayeshuka alikuwa Iddi na anayebaki juu alikuwa Khalfan, na hawakuwahi kulizungumza. Iddi alikuwa akiingia tu.

Khalfan akafungua mlango, akaweka kibanda ghorofa ya kwanza, akashika swichi. Iddi alikuwa amesimama ukingoni, kofia kichwani, tochi mkononi imeshawashwa.

"Shuka," Khalfan akasema. "Nimekushikia."

Iddi alitazama chini shimoni, kisha akamtazama yeye. Hakuwa na hasira. Akaizima tochi.

"Tumsubiri Douglas, fundi," akasema, kwa adabu. "Yeye ndiye ashike swichi."

Khalfan akasema sawa. Akaiachia swichi, akasogea pembeni, wakakaa kwenye ngazi wakamsubiri Douglas.